Nusukaputi, Ganzi na Morfini: Historia ya Kutuliza Maumivu Tetu

Historia ya kutuliza maumivu katika nchi ya Tetu, yaani ukanda wa mashamba ya chai na kahawa unaoteremka kutoka msitu wa Nyandarua kuelekea mji wa Nyeri, ina jambo moja linalojirudia katika kila kipindi: dawa iliyohitajika ilikwisha kujulikana duniani miongo mingi kabla mgonjwa wa huku hajaipata, na katika muda wote huo wa kungoja, pengo lilizibwa na uvumilivu wa watu wenyewe. Uvumilivu huo ulisifiwa na wazee, ukadhaniwa na baadhi ya madaktari wa kikoloni kuwa ni maumbile ya Mwafrika, na hata leo huweza kumfanya mhudumu wa afya aamini kwamba mgonjwa aliyenyamaza haumwi. Historia hiyo ina njia mbili zinazokutana mara kwa mara, moja ikiwa ya nusukaputi, inayomlaza mgonjwa mzima ili apasuliwe bila fahamu, na ganzi, inayofisha hisia za sehemu moja tu ya mwili, na nyingine ikiwa ya dawa za maumivu ya muda mrefu, ambazo kubwa yao ni morfini.

Kabla ya karne ya 20 Wagikuyu wa Tetu hawakuwa watu wasiotafuta nafuu. Gome la muthiga, mti mchungu wa misituni, lilitafunwa ili kutuliza maumivu ya jino, na mundu mugo, yaani mganga, alikuwa na mizizi na majani ya tumbo, ya kifua na ya viungo. Hata irua, sherehe ya tohara ambayo ilikuwa mtihani mkubwa wa ujasiri kuliko yote, ilikuwa na huruma ndani yake. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza kwamba watahiriwa walipelekwa mtoni asubuhi na mapema wakaoga katika maji ya baridi kali ili mwili ufe ganzi na damu isitoke kwa wingi. Mito ya Tetu, kama Chania na Gura, hushuka moja kwa moja kutoka vilele vya Nyandarua, na baridi yake ilitosha kwa kazi hiyo, kwa kuwa mshipa wa fahamu uliopoa hupeleka habari polepole, na ukizidi kupoa huacha kabisa kuzipeleka. Dominique Larrey, daktari mkuu wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, aliligundua jambo hilohilo mwaka 1807 katika vita vya Eylau, alipoona kwamba askari waliokatwa viungo katika baridi kali hawakuumia kama wengine. Desturi iliyomkataza kijana asipepese jicho mbele ya kisu, basi, ndiyo iliyomwandalia ganzi kabla ya kisu kumfikia, na wanaoisimulia kama habari ya ujasiri mtupu huiacha nusu ya maarifa yake. Tohara ya wasichana, ambayo ilifuata utaratibu uleule wa mtoni, ni suala jingine, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku.

Dawa za kizungu zililetwa na wamisionari. Mapadri wa kwanza wa shirika la Consolata, lililoanzishwa Turin mwaka 1901, walifika Tuthu katika nchi ya Murang'a mwezi wa Juni 1902 wakapokewa na Karuri wa Gakure, kisha wakavuka kuelekea kaskazini, na Tetu ikawa miongoni mwa vituo vyao vya mapema, kabla ya Mathari, karibu na mji wa Nyeri, kuwa makao yao makubwa. Katika mkutano wao wa Murang'a wa mwaka 1904 waliamua kwamba kutembelea vijiji na kuwatibu wagonjwa kuwe sehemu ya kazi ya kila kituo, wakisaidiwa na masista wa Cottolengo waliotoka Turin na, kuanzia 1913, na masista wa Consolata. Zahanati hizo zilisafisha vidonda, zikafunga bandeji na kugawa dawa za minyoo na za homa, lakini kwa maumivu makali zilikuwa na kidogo sana cha kutoa.

Upande wa pili wa Nyeri, katika nchi ya Mathira, Kanisa la Scotland lilifungua kituo cha Tumutumu mwaka 1908, na muda mfupi baadaye Daktari Horace Philp akaanza kujenga hospitali iliyokuja kuwa maarufu pia kwa kufundisha wauguzi. Asili ya kanisa hilo ni muhimu kwa historia hii, kwa sababu Edinburgh, huko Scotland, ndiko James Young Simpson alikoanza kutumia klorofomu kama nusukaputi mwezi wa Novemba 1847, mwaka mmoja baada ya William Morton kuonyesha uwezo wa etha katika kazi hiyohiyo mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Simpson aliwapa klorofomu wanawake wenye uchungu wa uzazi, akapingwa na baadhi ya wakuu wa dini na wa tiba waliosema kwamba uchungu huo umewekwa na Mungu, na ubishi ulipungua nguvu Malkia Victoria alipoitumia mwenyewe mwaka 1853. Daktari yeyote wa Kiskoti aliyefika nyanda za Mlima Kenya miaka 60 baadaye alikuwa amesoma katika mapokeo hayo. Kilichokosekana ni mtu wa pili. Klorofomu hudondoshwa tone kwa tone juu ya kitambaa kilichofunika kifaa cha waya usoni pa mgonjwa, na tone moja la ziada laweza kusimamisha moyo, kama ilivyotokea kwa Hannah Greener, msichana wa miaka 15, huko Uingereza mwezi wa Januari 1848, miezi michache tu baada ya uvumbuzi wenyewe. Mpasuaji hawezi kushika kisu na kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa wakati mmoja, na katika hospitali za misheni za wakati huo kazi ya kuhesabu pumzi iliachiwa muuguzi, mke wa mmisionari au dresa, yaani msaidizi Mwafrika aliyefunzwa kazini kufunga vidonda na kutoa dawa. Hawa madresa, ambao majina ya wengi wao hayamo katika vitabu, ndio wahenga wa taaluma ya usingizi katika nyanda hizi, na haki yao bado haijalipwa na waandishi wa historia ya tiba.

Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua vijana wa Nyeri kwa maelfu kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, na wengi zaidi waliangamizwa na malaria, kuhara na njaa kuliko na risasi. Sista Irene Stefani wa Consolata, aliyefika Kenya mwaka 1915, aliwahudumia wapagazi hao katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, mahali ambapo wagonjwa walilala kwa mamia na dawa zilikuwa haba. Baada ya vita alipelekwa Gikondi, kusini mwa Nyeri, ambako watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, na alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa alipokuwa akimuuguza mgonjwa. Mwaka 2015 alitangazwa mwenye heri katika ibada iliyofanyika mjini Nyeri. Kazi yake yaonyesha kiini cha uuguzi wa wakati huo: palipokuwa hapana dawa ya kuondoa maumivu, kulikuwa na kumwosha mgonjwa, kumgeuza, kumnywesha maji na kukaa naye. Hayo hayakuwa madogo, na tiba shufaa ya leo, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, imeyarudisha mahali pake. Lakini hayatoshi mbele ya mfupa uliovunjika au uvimbe wa saratani.

Serikali ya kikoloni iliujenga mji wa Nyeri kuwa makao ya utawala na ikawa na hospitali yake huko, ambayo baada ya uhuru ilikuwa hospitali ya mkoa na leo ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri. Katika kipindi hicho baadhi ya madaktari wa Kizungu barani Afrika waliandika kwamba Mwafrika hahisi maumivu kama Mzungu, na dai hilo, ambalo halikuwa na ushahidi wowote, lilifanya ukosefu wa dawa uonekane kuwa jambo la kawaida. Ni vigumu kuona dhuluma ya kitabibu iliyo nyepesi zaidi kutenda kuliko hiyo, kwa kuwa aliyetendewa alikuwa amelelewa kuona aibu kulia.

Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwezi wa Oktoba 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau, iliifanya Tetu kuwa mstari wa mbele. Wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa Nyandarua walitegemea dawa zilizopenyezwa kutoka mashambani na mjini, pamoja na miti ya msitu wenyewe, na njia hizo zilizibwa kuanzia 1954 watu walipokusanywa katika vijiji vya lazima na handaki refu kuchimbwa ukingoni mwa msitu kwa kazi ya shuruti. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mzaliwa wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa katika nchi hiyohiyo alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, akalazwa katika hospitali ya Nyeri, na mwezi uliofuata akahukumiwa mjini humo, kabla ya kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika vituo vya uchunguzi na kambi za kizuizini maumivu yalifanywa kuwa chombo cha kazi, jambo ambalo serikali ya Uingereza ilikiri mwezi wa Juni 2013 ilipoeleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya zaidi ya 5,000 walioteswa. Malipo hayo yalikuja wakati wengi wa wenzao walikwisha kufariki, na majeraha ya kizazi hicho, ya mgongo, ya viungo na ya moyo, yalitunzwa nyumbani bila daktari wa maumivu kuyaona.

Baada ya uhuru swali la nani atashika dawa ya usingizi lilijibiwa kwa njia iliyoifaa Kenya. Madaktari bingwa walikuwa wachache mno na walibaki Nairobi, kwa hiyo nchi ikawafunza maafisa wa kliniki, ambao ni wahudumu wenye diploma ya utabibu, wakachukua mafunzo ya ziada ya usingizi na kupelekwa katika hospitali za mikoa na wilaya; miaka ya baadaye hospitali ya Kijabe ikaongeza mafunzo ya wauguzi wa usingizi. Dawa nazo zilibadilika. Klorofomu iliachwa kwa sababu ya hatari zake, etha ikatumika kwa vifaa vilivyomwezesha mgonjwa kuvuta hewa ya kawaida iliyochanganyika na mvuke wake, halothani iliyoanza kutumika mwaka 1956 ikachukua nafasi yake, kisha ikaja ketamini.

Ketamini yastahili maelezo zaidi. Iliundwa mwaka 1962 na Calvin Stevens, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1970, na tofauti yake na dawa nyingine ni kwamba kwa kawaida humwacha mgonjwa apumue mwenyewe na haishushi shinikizo la damu kama zinavyofanya nyingine, hivyo yaweza kutumika mahali ambapo umeme umekatika na mtungi wa oksijeni umekwisha. Kwa hospitali ndogo ya mlimani, sifa hizo ndizo zinazotenganisha upasuaji na safari ya kumpeleka mgonjwa mbali. Ndiyo maana pendekezo la China, lililofika mbele ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya mwaka 2015, la kuiweka ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa, lilipingwa vikali na wataalamu wa usingizi. Shirika la Afya Duniani lilishauri isidhibitiwe hivyo, na pendekezo likaahirishwa. Wenye hofu ya matumizi mabaya walikuwa na sababu zao, lakini historia ya morfini, itakayoelezwa hapa chini, inaonyesha ni nani hulipa gharama ya hofu hiyo.

Upasuaji unaofanywa zaidi katika hospitali hizi ni ule wa kumtoa mtoto, na kwa huo ganzi ya uti wa mgongo, iliyoanzishwa na August Bier nchini Ujerumani mwaka 1898, imeshinda nusukaputi, kwa kuwa mama hubaki macho na njia yake ya hewa haiko hatarini. Wanawake wengi nchini Kenya huilaumu sindano hiyo kwa maumivu ya mgongo yanayowaandama miaka mingi baadaye, lawama ambayo tafiti hazijaithibitisha, kwani mimba yenyewe, kubeba mtoto na kazi nzito ya shamba hutosha kuuchosha mgongo. Hata hivyo malalamiko hayo yangepaswa kusikilizwa na kutibiwa badala ya kukanushwa tu. Hatari kubwa iko kwingine. Utafiti wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018 na kuhusisha hospitali 247 katika nchi 25, ulionyesha kwamba asilimia 2.1 ya wagonjwa walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi na wenye afya zaidi; na uchambuzi uliofuata mwaka 2019 ulikuta vifo 5.4 kwa kila wanawake 1,000 waliojifungua kwa upasuaji, idadi iliyo takriban mara 50 ya ile ya nchi tajiri. Wengi walifariki baada ya kutoka mezani, wodini, ambako hapakuwa na macho ya kutosha ya kuwaangalia. Kosa lilelile la Tumutumu ya zamani, la kukosa mtu wa pili, bado linaua.

Kwa upande wa tohara ya wavulana mabadiliko yamekuwa ya kimyakimya na makubwa. Familia nyingi za Tetu sasa huwapeleka wana wao hospitalini au katika zahanati, hasa likizo ya Novemba na Desemba, ambako huchomwa sindano ya ganzi kabla ya kutahiriwa, na maji ya mto yameiachia kazi hiyo lignokeini, dawa ya sindano hiyo. Mafundisho ya wiki za kupona yanaendelea, na kijana hutoka mtu mzima kama baba yake, bila yeyote kuweza kudai kwamba utu uzima wake una kasoro.

Njia ya pili, ya maumivu ya muda mrefu, imekwenda polepole zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, morfini ikiwamo, ulitamka kwamba matumizi yake ya kitabibu hayana mbadala katika kupunguza maumivu, na nchi zikapewa wajibu wa pande mbili, wa kuzuia uuzaji haramu na wa kuhakikisha wagonjwa wanazipata. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa maumivu ya saratani, uliotaka dawa itolewe kwa mdomo, kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yarudi, na kwa ngazi, kuanzia dawa nyepesi hadi morfini. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya ilitilia mkazo wajibu wa kwanza kwa adhabu nzito, na wajibu wa pili ukasahauliwa katika vitendo, kwa kuwa daktari, mfamasia na muuguzi waliiona morfini kama kitu cha kuwaletea matatizo na wakaifungia kabatini au hawakuiagiza kabisa.

Hospisi ndizo zilizoanza kuivunja hofu hiyo. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na katika muongo huohuo Nyeri ikapata yake, iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo nje ya mji mkuu, ikiwahudumia watu wa Tetu, Mathira, Othaya na Mukurwe-ini kituoni na nyumbani kwao. Nchini Uganda Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993 akiwa na maji ya morfini yanayochanganywa kutokana na unga, dawa ya bei ndogo mno ambayo mgonjwa huinywa kwake kila baada ya saa nne, na mwaka 2004 sheria ya huko ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuiandika. Kenya ilikuwa na unga huohuo na ujuzi huohuo, lakini ripoti ya Human Rights Watch ya Septemba 2010 ilikuta morfini ya kunywa katika hospitali 7 tu za umma kati ya takriban 250. Aibu ya ripoti hiyo ilileta matokeo: wizara ya afya, pamoja na chama cha hospisi na tiba shufaa cha Kenya kilichoongozwa na Daktari Zipporah Ali, ilianza kuweka vitengo vya tiba shufaa katika hospitali kuu za mikoa, Nyeri ikiwamo, mwongozo wa kitaifa ukatolewa mwaka 2013, na sera ya kitaifa ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030 ikafuata.

Kwa Nyeri jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa kaunti hii ina mzigo mkubwa wa saratani na kisukari, na ndiyo sababu mojawapo ya kuchaguliwa kwake, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, kuwa mahali pa kujaribia huduma ya afya kwa wote mwezi wa Desemba 2018. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe na mbunge wa Tetu kuanzia 2002 hadi 2007, alifariki kwa saratani tarehe 25 Septemba 2011, akiwa hospitalini Nairobi. Majirani wa kijiji chake wenye ugonjwa kama huo hufariki nyumbani, na kwao swali ni kama chupa ya morfini itafika mlangoni kabla haijaisha ile iliyopo. Tume ya Lancet ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za morfini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2023 ikathibitisha kwamba pengo hilo halijazibika.

Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha uchunguzi wa maumivu kilibadilisha tafsiri yake rasmi ya maumivu, ya mwaka 1979, na kuongeza kwamba kusema ni njia moja tu ya kuyaonyesha, na kwamba kutoweza kuyasema hakumaanishi kuwa hayapo. Badiliko hilo liliandikwa kwa ajili ya watoto wachanga na watu wasioweza kuzungumza, lakini lawahusu pia wazee wa Tetu waliofunzwa tangu ujana kwamba mtu mzima halii. Katika wodi inayolifuata, muuguzi hangoji kilio. Humuuliza mgonjwa ayapime maumivu yake kwa kiwango cha 0 hadi 10, humtazama anapogeuka kitandani, na huandika jibu katika chati, karibu na joto la mwili na mapigo ya moyo, ili zamu ijayo ilione na daktari alijibu kwa dawa.